Kidevu Ulichoniachia

Shangazi,

Ninakuandikia nikiwa ndani ya gari, kwenye maegesho ya kanisa letu hapa Katy, Texas. Ibada imeisha, watu wameenda kula, mimi nimeegemeza karatasi kwenye usukani. Ungeniona ungesema, "Nekesa, kwani nyumba imeungua?" Nyumba iko salama. Ni mimi sijatulia. Kesho asubuhi natakiwa nimpigie simu karani wa daktari mmoja wa upasuaji huko Houston, nimwambie ndiyo au la. Mtu wa kumwuliza ni wewe, na wewe umelala Bungoma mwaka wa pili sasa.

Ni kidevu, Shangazi. Nataka kuwekewa kidevu.

Usicheke kwanza. Nimeshakwenda kwa daktari mara mbili. Ni mtu mpole, ana mikono misafi na hana haraka. Amenionyesha kile kitu chenyewe, kipande cha silikoni kilichopinda kama ganda la chungwa. Anapasua kidogo ndani ya mdomo wa chini, anakitumbukiza mbele ya mfupa, anashona. Kazi ya saa moja, kisha wiki mbili za kuvimba. Anasema pua yangu haina shida yoyote, inaonekana kubwa kwa sababu kidevu kimeikimbia. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Miaka yote nimekuwa nikiilaumu pua bure.

Kidevu chenyewe unakijua. Ni chako, ni cha baba, na babu alikuwa nacho kabla yenu. Mdomo wa chini ukiisha, shingo inaanza. Shuleni waliniita Ndege, na nikaja nalo jina hilo kimoyomoyo mpaka Texas. Siku nilipohitimu unesi, mpiga picha alinipiga kwa upande nikipanda jukwaani. Hiyo picha sijawahi kukuonyesha. Niliikunja mara nne nikaitia ndani ya kitabu cha dawa, na mwaka huu, nikitafuta kitu kingine, ikaniangukia miguuni. Wiki iyo hiyo nikampigia daktari.

Lakini wewe! Wewe ulikuwa na kidevu hichohicho na sikuwahi kukuona ukikificha. Ukicheka ulitupa kichwa nyuma, kidevu kikapotea kabisa, na bado meza nzima ilikuwa inakutazama wewe. Nilikaa nawe miaka saba katika ile nyumba yetu ya Vickery Meadow kule Dallas, vyumba viwili na jiko linalonuka sombe, kile kisamvu cha Mama Furaha, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, na kila asubuhi nilikuona ukijipaka mafuta mbele ya kioo, taratibu, uso mzima, kama mtu anayefurahi kukutana na rafiki. Nilikuwa nakuonea wivu kwa hilo kuliko kwa kitu kingine chochote ulichokuwa nacho.

Unakumbuka ile habari ya mito? Ulirudi kutoka kazini Fort Worth, kwenye ile nyumba ya kutunzia wazee, ukaanguka kwenye kochi na viatu vyako ukicheka hadi machozi. Mkaguzi alikuwa amekuja siku hiyo, akawakuta wafanyakazi wote wamebana mto chini ya kidevu ili wauvishe foronya, akawakaripia kwamba wanawapakia wagonjwa vijidudu vya shingoni mwao. Kisha akafika chumba chako. Wewe ulikuwa umeigeuza foronya ndani nje, ukaingiza mkono, ukaukamata mto kwa pembe, ukaiteremsha foronya mara moja. Akawaita wote waje watazame. "Nekesa, wamenipa class nifundishe shift nzima! Na mimi nafanya hivyo juu sina kidevu cha ku-hold mto!" Siku hizi mimi ndiye msimamizi wa zamu, na kila nesi mgeni namfundisha mto kwa mkono wako. Hawajui walichofundishwa kimetoka wapi.

Sasa nikuambie nisilowahi kumwambia mtu.

Ulipotimiza miaka hamsini nilipeleka picha yako studio, pale kwenye maduka makubwa, ikuzwe na kuwekwa fremu. Yule kijana wa kompyuta akaniuliza kama nataka ku-fix kidevu. Alisema hivyo tu, kama anayeuliza kama nataka mfuko. Nikasema ndiyo. Nilidhani nakupa zawadi. Ulipofungua uliisogeza mbali na macho, ukasema, "Huyu mama ni mrembo. Ni nani?" Halafu ukachukua nyundo mwenyewe ukaitundika sebuleni, na wageni wakiuliza ukawa unasema mtoto wako amekununulia. Hukunitia aibu hata siku moja. Ningekuwa mimi ningesusa mwezi mzima.

Basi ukaugua, ukakauka, ukaenda. Watu wa mochari wakaomba picha ili wakurudishie sura kabla ya ibada ya kukuaga kule Dallas. Nilikuwa nimechanganyikiwa, Shangazi, sikuwa nimelala siku tatu. Niliangua iliyokuwa ukutani.

Yule bwana alifanya kazi yake vizuri. Alifuata picha.

Tulipopanga mstari kukutazama, Mama Furaha alikuwa mbele yangu. Aliinama, akanyooka, akageuka kuangalia watu. "Haiko yeye huyu," akasema. "Kidevu ya dada yangu iko wapi?" Wakamshika mikono wakamkalisha, wakasema ni uchungu. Mimi nilijua si uchungu peke yake. Niliweka ua langu kando yako, nikapita. Ndege ya kukurudisha Bungoma ilikuwa jioni ileile, na makaratasi yangu ya uhamiaji hayakuniruhusu kusafiri nawe. Siku ya mazishi nilimpigia baba kwa kadi ya simu. Akaniambia, "Nekesa, huyu mliyeniletea ni mama mzuri, lakini hatufanani." Nikamwambia ni ugonjwa, baba. Kadi ikaishia hapo.

Nisamehe. Ulizikwa na kidevu cha kijana wa studio, na aliyekuvisha ni mimi.

Ijumaa daktari aliniweka mbele ya kompyuta yake. Kushoto, mimi nilivyo, nimepigwa kwa upande. Kulia, mimi nitakavyokuwa. Nisikudanganye, yule wa kulia alikuwa mrembo. Shingo imenyooka, pua imetulia mahali pake, kila kitu kina mwenzake. Nilitabasamu. Nikauliza maswali yangu ya kinesi, ganzi gani, dawa gani, uwezekano wa kuambukizwa. Nikiwa katikati ya swali nikamtambua. Niliwahi kumwona, amelala kwenye satini ya jeneza, amevaa gauni lako la zambarau. Daktari akaniletea maji.

Nimekaa na jambo hili tangu Ijumaa. Kuna wanaofanyiwa upasuaji huu wakafurahi, na mimi nitawauguza bila kuwasema. Sitajifanya pia kwamba sasa nakipenda kidevu changu. Asubuhi hii hii, nikija kanisani, nilikiona kwenye kioo cha gari nikageuza uso. Ila huko nyumbani kuna kaburi lenye jina lako na sura ambayo baba haijui, na hapa duniani kidevu chako kimebaki kwa baba, mzee wa miaka sabini na sita, na kwangu. Nikikiondoa changu, Mama Furaha akija kunitembelea atamtafuta wapi dada yake? Ana tabia ya kunishika mashavu kwa mikono miwili akinitazama chini ya mdomo. Nilikuwa nachukia. Nilidhani ananiona kasoro.

Kesho nitampigia karani nimwambie hapana. Nitasema kwa adabu, maana daktari yule hakunikosea kitu. Kisha nitampigia baba, nimweleze habari ya picha tangu mwanzo, na anigombeze anavyotaka. Ile picha yako uliyopigwa nyuma ya nyumba, unacheka, kichwa nyuma, shingo yote nje, nimeshaitia kwenye bahasha. Nitamwomba aiweke kwenye msalaba wako, watu wa nyumbani wajue ni nani aliyelala hapo.

Jambo moja zaidi, halafu nikuache upumzike. Ijumaa nikitoka nilimwomba karani anichapishie picha moja. Akanipa ya kulia, akidhani ndiyo ninayoitaka. Nikamrudishia, nikamwomba ya kushoto. Iko hapa kwenye pochi yangu, kidevu chetu kwa upande, kama kilivyo. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu, kwa yeyote atakayenitayarisha siku yangu ikifika: Mpambeni mnavyotaka, lakini kidevu msikiguse. Ni cha shangazi yake.

Lala, Shangazi yangu.

Binti wa kaka yako,
Nekesa