Bosi Asimame

Jumanne, nyumbani Satellite

Eti virusi! Wiki nzima mtandao wa ofisi unakatika, na Bwana Kimani, bosi wangu, anawaambia wateja kwamba ni virusi, na kwamba kazi ya ufundi wa mtandao imenishinda.

Leo ofisini nilikaa mbele ya ile swichi inayogawa mtandao kwa kompyuta zote, nikitazama taa ya waya mkuu unaopita chini ya zulia lake. Akiketi, taa inazima. Akienda msalani, inawaka. Tangu ageuze meza ili aone Barabara ya Ngong, kiti chake kinaukanyaga huo waya.

Nikamwambia, "Bosi, naomba usimame kidogo tu."

Ofisi nzima ikageuka kututazama. Hapa kwetu hakuna mtu humwinua mkubwa kitini.

"Kwa hivyo shida ni mimi?"

"Shida ni pale umekaa."

Hakusimama. Akaniamuru nibadilishe swichi. Swichi haina kosa lolote! Sibadilishi.

Naogopa, sikatai. Kazi hazipatikani, na mama ananitegemea. Lakini...

Kesho nitamwambia tena asimame. Akitaka kunifuta kazi, anifute akiwa amesimama, taa ikiwaka, kila mtu akiona.