Bibi, Wananishusha Moroni

Merikebu ya Mafunzo Marijani,
Bandari ya Moroni, Komoro.
9 Machi, 2022

Mpendwa Bibi Safiyya,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, Bibi? Miguu inaendeleaje? Abubakar, mpishi wetu anayekuletea barua hii, ananiambia macho yako yamepungua nuru, basi naomba umpate msomaji mwenye sauti nzuri na subira. Mimi sijambo kidogo. Mwili ndio umenishinda, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Hunijui. Mimi ni Rawda, binti wa Mwanamwema, yule mtoto wa dada yako aliyetolewa kisiwani kwenu Chula vita vilipoanza. Nilizaliwa kambini Dadaab, na mama alifariki huko huko mwaka jana. Inna lillahi.

Watu wa merikebu hii ya matanga walikuja kambini kutafuta vijana wa kufundisha ubaharia. Waliposikia mimi ni Mbajuni, mtu wa visiwani, hawakuuliza la pili; walisema wamepata baharia tayari. Sikuwaambia kwamba maji niliyoyajua ni ya foleni ya bomba. Anayemaliza mafunzo hupewa kazi melini, nami kambini sina tena mtu. Chumba cha mama wamekwisha pewa wengine.

Bibi, bahari imenikataa. Tulipotoka tu Mombasa, nchi ikiwa bado yaonekana, nilianza kutapika, na sijaacha. Tangawizi, ndimu, vidonge vya daktari, vyote vilirudi. Wenzangu walipopanda mlingoti kukunja tanga, nami nilipanda. Nilifika kwenye foromali ya kwanza, ile boriti inayobeba tanga, nikaikumbatia na kuwatapikia walio chini. Ikabidi nishushwe kwa kamba kama gunia. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mwalimu wetu wa zamu ni Twahira, mwanamke wa Lamu. Alinionea huruma akanipeleka kwenye usukani, akasema huenda nikitazama mbali nitapata nafuu.

"Tapika utakavyo," aliniambia, "lakini mkono usiachie."

Nilitapika na sikuachia. Ndoo miguuni, dira mbele yangu, na merikebu nzima, milingoti mitatu na watu wote wale, ikienda nilikoielekeza. Nilisimama hivyo mpaka zamu ikaisha. Sijapata kujiona mtu wa visiwani ila wakati ule. Kisha nikamkabidhi mwenzangu usukani, nikaanguka.

Nilizinduka nimetundikiwa dripu. Nahodha, mzungu mpole, alikuwa amekaa kando ya kitanda. Alinieleza kwamba tukifika Moroni nitashuka, nirudishwe kwa ndege. Nilimlilia, Bibi. Nilimwomba aniache hata nimenye viazi, hata nikoshe vyoo. Twahira naye akaniombea.

"Binti," nahodha alisema, "nikikuacha humu utanifia."

Tumetia nanga leo. Kesho asubuhi nashuka. Nitarudi kambini kwa nani? Nayo kambi wanasema itafungwa, na tutakaotolewa hatujui tutapelekwa wapi.

Abubakar ni mtu wa Kismayo, mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Nilipomtajia jina lako akaniambia uko hai, na nyumba yako ipo. Nililia pale pale jikoni, kwa sababu mama alikufa akiamini hakubaki mtu.

Ndiyo maana nakuuliza: kuna pahali pangu Chula? Kuvua sijui, mashua sizijui. Nitachota maji, nitapika, nitakushika mkono ukienda kwa watu. Najua kutoka Kismayo hakuna njia ila bahari. Nitalala ndani ya mashua nitapike mpaka nifike. Kama haiwezekani, tafadhali usininyamazie. Niambie, nisikae nikingoja. Mpe jibu Abubakar, anayo namba ya jirani yangu wa kambini.

Nisalimie Mjomba Badi na Mama Mdogo Mishi, kama wapo. Mama aliwataja sana. Na ukipita kwenye kaburi la dada yako, msomee Fatiha kwa niaba yangu.

Mungu akupe afya na akufikishe Ramadhani kwa salama. Marehemu mama, hata ulimi ulipokuwa mzito kwa ugonjwa, kila daktari alipomuuliza kwao ni wapi alijibu kwa Kibajuni, "Mimi ni mchu wa Chula." Mimi nikiulizwa, sijui niseme nini. Nakungoja wewe.

Mjukuu wako, akupendaye kabla hujamwona,

Rawda