Amplifaya Mbili na Fahali Mmoja

Jumamosi jioni, Singida mjini. Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka ndani ya chai.

Yohana Ntandu ameikataa amplifaya mpya. Amelitamka hilo mwenyewe leo mchana, kijijini Mtinko, mbele ya baba yake na wenzake wa bendi ya Kindai Jazz, na wala hakupandisha sauti. Anaitaka ile kuukuu.

Hiyo ndiyo habari ya leo. Gazeti langu haliwezi kuipa hata mstari mmoja, maana kwa wakubwa wangu wa Dar es Salaam habari ya Singida ni njaa, ng'ombe, au Bwana DC kafungua kisima. Kwa hiyo naiandika hapa, nisije nikaisahau.

Yohana anapiga besi. Gitaa lake alilileta kutoka Nairobi alikokuwa kibarua: nyuzi nne, nene, na ni la umeme. Ukilipiga bila amplifaya, unasikia kama mtu anakwaruza meza kwa kucha. Tangu arudi amekuwa akilichomeka kwenye redio ya kiongozi wa bendi, Saidi, mtu wa Kondoa, na redio inalia kama mtu mwenye mafua. Wachezaji wakiingia uwanjani, vishindo vya miguu yao peke yake vinaifunika.

Saidi alishasema wazi. Yohana asipopata amplifaya ya maana kabla ya dansi la Jumamosi ijayo, bendi itaendelea bila besi. Saidi si mtu mbaya. Ana bendi ya kulisha.

Baba yake Yohana, Mzee Ntandu, ni mfugaji wa Mtinko. Alikubali kutoa fahali mmoja auzwe mnadani ili chombo kinunuliwe. Mmoja tu, na mara moja tu. Kikinunuliwa kisichofaa, kijana anarudi nyumbani kulima mtama na mambo ya muziki yamekwisha.

Amplifaya zenyewe zililetwa na Bwana Hirji, mnunuzi wa ngozi, kwa lori lake litokalo Dodoma. Zipo mbili, na bei yao ni sawa: fahali mzuri anatosha kwa yoyote kati yao. Ya kwanza ni mpya, ndogo, ina kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele na vifundo vya kurekebishia sauti vinavyong'aa. Ya pili ilitumika miaka mingi kwenye gari la sinema, lile linalozunguka vijijini kuonyesha watu jinsi ya kupanda kwa mistari. Imepakwa rangi ya kijivu, imebonyea ubavuni, inabebwa na watu wawili, na spika zake ni pana kama ungo. Zote zinakubali betri ya gari. Hilo ni la lazima, maana sehemu nyingi tunakocheza dansi huku umeme haujawahi kufika.

Wiki iliyopita zilijaribiwa ndani ya ghala la Bwana Hirji, ambalo Kindai Jazz hulitumia kwa mazoezi. Ni ghala la ngozi. Ngozi mbichi huwambwa kwenye fremu za miti na kuachwa zikauke kivulini, na mule ndani zilikuwa zimesimamishwa safu kwa safu toka ukutani hadi mlangoni. Harufu unaizoea.

Ile ndogo ilipowashwa, besi ilinguruma mpaka kifua kikatetemeka. Wote tulitazamana. Kisha wakawasha ile ya kijivu, na ghala zima likaanza kugonga na kukwaruza kama mabati wakati wa upepo. Saidi aliziba masikio na kusema gari la sinema limekufa likaacha mzimu. Uamuzi ukafanyika palepale. Nami niliipenda ndogo, na nilisema hivyo.

Alhamisi lori liliondoka na ngozi zote isipokuwa moja iliyokuwa haijakauka sawasawa.

Ijumaa asubuhi Yohana aliingia ghalani peke yake. Akaichomeka ndogo, akapiga noti zilezile. Mngurumo haukuwapo. Kwanza alidhani betri imechoka, akabadilisha betri. Mambo yaleyale. Akawasha ya kijivu, akapiga tena: hakuna mkwaruzo hata kidogo, sauti imetulia, nzito, imejaa. Ndipo akaiendea ile ngozi moja iliyobaki, akaigonga kwa kidole. Ikamjibu.

Alinieleza haya leo tukiwa nyuma ya lori la Bwana Hirji, lililokwisha kurudi, tukielekea Mtinko.

"Bwana mwandishi," alisema, "wiki nzima tumesifu besi ya ng'ombe waliokufa."

Tuliokuwa garini ni watu tuliozaliwa penye ngoma. Mpiga ngoma wa bendi huwamba ngoma zake kwa mikono yake mwenyewe. Kila mmoja wetu anajua kwamba ngozi iliyowambwa ikifikiwa na sauti huvuma nayo, na sauti ikizidi hukwaruza. Na bado tulisimama katikati ya ghala lililojaa ngozi zilizowambwa, tukasikia mvumo, tukampa sifa mtu mwingine. Zile ngozi ziliisaidia ndogo na kuisingizia kubwa.

Yohana angeweza kunyamaza. Hilo ndilo ninaloliwaza jioni hii. Saidi alikuwa ameshatangaza sokoni kwamba Kindai Jazz imepata chombo kipya. Wasichana walikuwa wameshakuja kukitazama kile kitambaa cha dhahabu. Na baba yake alikuwa ameshaambiwa kwamba fahali wake atageuka kitu kipya kinachong'aa. Kusema kweli kulimgharimu kijana heshima aliyokwisha kuipata bila jasho.

Alisema Ijumaa ileile. Saidi akamcheka, na leo njiani aliendelea.

"Nimeona watu wakiuziwa ng'ombe mzee kwa kudanganywa," alisema. "Wewe ni wa kwanza kumfuata kwa mapenzi."

Yohana alicheka pamoja naye. Hakujitetea. Aliomba jambo moja tu: zote mbili zisikilizwe nje, pasipo na ukuta, na msikilizaji awe mwenye fahali.

Mzee Ntandu tulimkuta zizini. Tulimwamkia shikamoo mmoja baada ya mwingine, naye akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye ile ya kijivu inayoteremshwa. Alizunguka upande uliobonyea, akaugusa kwa fimbo.

"Fahali wangu hana kovu hata moja," alisema. "Nimtoe kwa hiki?"

Saidi alitazama mbali, na nadhani alikuwa akitabasamu. Hapo ndipo mambo yangeweza kuisha. Mzee wa aina hii akisema hapana mbele ya watu, hairudishi.

Yohana hakutaja spika wala betri wala ghala.

"Baba, kengele ya ng'ombe huwa unaijaribu ikiwa mkononi?"

Asiyefuga anahitaji maelezo. Huku mtu hanunui kengele ya ng'ombe kwa kuitikisa sikioni. Kila kengele inalia vizuri sikioni. Unamfunga nayo ng'ombe, unamwacha aende zake, na wewe unasimama pale ambapo mchungaji angesimama. Inapokufa sauti ndipo penye thamani yake.

Mzee aliikamata vizuri fimbo yake na kuondoka. Alipofika mlango wa boma aligeuka, akainua fimbo juu: nikiwa nasikia, itakuwa hivi.

Betri ya lori ilifunguliwa, ndogo ikawashwa. Yohana alipiga mwendo mmoja uleule, taratibu, bila mbwembwe. Mzee alitembea akiwa ametupa mgongo. Alivuka ua wa minyaa fimbo ikiwa juu. Aliingia kwenye shamba la mtama. Hakufika katikati, fimbo ikashuka.

Alirudi mpaka mlangoni. Wakachomeka ya kijivu.

Alivuka ua. Akavuka mtama wote. Akapita penye hori la kunyweshea, ambapo ng'ombe waliinua vichwa. Wanawake wawili waliokuwa wakitwanga waliacha michi. Fimbo iko juu. Alianza kupanda kwenye mawe makubwa yaliyo nyuma ya kijiji, akawa mdogo, akaingia nyuma ya jiwe asionekane. Juu ya jiwe ilibaki fimbo peke yake, imesimama.

Mama yake Yohana, aliyekuwa akitazama kutoka mlango wa nyumba, aliweka mkono kiunoni.

"Mfuateni jamani," alisema. "Atafika Ilongero na hajala."

Nimeandika habari za ufunguzi wa madaraja na ziara za Magavana. Sikumbuki lini nilisimama kwa utulivu ule kutazama kijiti.

Saidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogea. Alikwenda kwenye ile ya kijivu, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye kitambaa cha spika, akakiacha hapo. Hakutania tena. Baadaye alimwambia Yohana kwamba dansi la Jumamosi wataanza na wimbo wa besi, wengine waingie baadaye. Kwa Saidi, ambaye huanza kila kitu kwa gitaa lake mwenyewe, hilo si dogo.

Mzee aliporudi alikunywa maji kwanza. Kisha alisema maneno kwa Kinyaturu, na Yohana akamtafsiria Saidi: ile mpya ni ndama anayemlilia mama yake, hii nyingine ni fahali aliyekwisha kuwa na zizi lake. Akauliza kama pale ilipobonyea ilianguka. Akajibiwa kwamba inaonekana hivyo, pengine kutoka juu ya gari. Akasema kitu kilichoanguka namna hiyo na bado kinalia namna hii, yeye hana neno.

Hapo ndipo Yohana alipolitamka rasmi. Hii, siyo ile.

Sijui kama atakuwa mpiga besi mkubwa. Vidole vyake bado vinachelewa katika nyimbo za haraka, na hilo amplifaya kubwa italitangaza vijiji vitatu. Ninachojua ni kwamba alikuwa na jambo moja la kupoteza, akalipeleka mwenyewe mbele ya mtu pekee mwenye uwezo wa kulikataa, na akamwomba asikilize kwa mbali.

Tuliporudi mjini alipita kwa Bwana Hirji kumwomba aishushe ya kijivu ghalani na ile ndogo airudishe Dodoma na lori la Jumanne. Hirji amekubali kungoja mnada.

Mzee Ntandu amekataa kumkabidhi mtu mwingine fahali wake. Anamleta mwenyewe, kwa miguu. Wanatoka Mtinko kesho baada ya ibada, watalala kwa shemeji yake nje kidogo ya mji, na Jumatatu asubuhi mnada ukifunguliwa watakuwa langoni.