Koti la Nyuma ya Kamba

Nyumba ya Juu ya Gati,
Polgarrow, Cornwall.
Septemba, wiki ya pili.

Mdogo wangu mpendwa Jory,

Pokea salamu zangu nyingi huko Tasmania, wewe na mkeo na huyo binti ambaye shangazi yake bado hajapata kumbeba. Natumaini hamjambo na kondoo wenu hawajambo. Huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Goti langu huniuma mvua ikikaribia, maana yake linaniuma kila siku, kwani tangu uondoke Cornwall haijakauka. Jirani yetu Bi Hosking anakusalimu. Anasema hajakusamehe ile ndoo ya mkojo uliyoivundika uani ili upate rangi ya nili, na kwamba akipita pale mpaka leo anaziba pua. Alicheka alipokuwa akisema hivyo, kwa hiyo usihuzunike.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika. Simu ipo, na kila Krismasi tunaongea kidogo. Unaniuliza hali ya hewa, nakuuliza kondoo, tunaagana bila yeyote kati yetu kumtaja Baba. Lakini haya ya leo hayasemeki kwa simu. Isitoshe, barua nimeitia mfukoni mwa kitu ambacho umekwisha kukiona ulipofungua furushi. Nakuomba usikirudishe furushini kwa hasira. Keti, unisome mpaka mwisho.

Nianze na habari za chama chetu cha kuigiza maharamia wa kale. Maharamia wa Polgarrow bado tupo, ingawa tumekuwa wazee kuliko haramia yeyote aliyewahi kunyongwa. Clemo Rodda bado ndiye mpishi wetu siku ya sikukuu yetu ya kila mwaka, na nyama yake ya chumvi bado inavunja meno. Mwaka huu alikuja mgeni amevaa buti za kufika mapajani, kitambaa cheusi jichoni na ndoano ya plastiki mkononi, akataka kupanda melini pamoja nasi. Clemo akamuuliza, "Bwana, mkono umeuacha kwa fundi?" Kisha akamweleza kwa upole kwamba baharia wa miaka ile alivaa viatu vya kawaida na suruali pana ya turubai iliyopakwa lami, na kwamba mwenye buti za namna ile angezama nazo. Yule mgeni akauliza sasa kasuku yuko wapi. Clemo akasema tumemla.

Sasa habari za Baba. Mikono yake imeanza kutetemeka, Jory. Daktari wa mjini Truro ameupa ugonjwa jina refu na kusema hautapona, utazidi tu, na moyo nao si mzuri. Mwanzoni alificha. Alilalamika kwamba sindano za siku hizi zina matundu madogo, kwamba nta ya nyuki imechanganywa na takataka, uzi wa kitani haushiki. Nilimwacha aseme. Siku moja alikuwa anashona kola ya shati la Clemo, akajichoma, damu ikaingia kitambaani. Clemo akamwambia, "Acha hivyo hivyo, Mzee Denzil. Haramia gani shati lake halina damu?" Baba hakucheka. Aliiweka sindano mezani, na tangu siku hiyo sijamwona akiishika.

Majira ya baridi alinikabidhi ukaguzi wa mavazi ya siku ya sikukuu. Alinipa ile lenzi yake ya kukuzia, akanifunga vidole juu yake kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akaniambia neno moja tu, kwamba mkaguzi hana ndugu. Nilijua anamfikiria nani, nawe unajua.

Hujasahau siku ile, nami sijasahau. Ulisimama kwenye foleni mbele ya daraja la meli pamoja na wenzako, na koti lako la nili ulilolikata mwenyewe na kulitia rangi mwenyewe, na Baba akaja na lenzi yake. Akaligeuza pindo la ubavu, akaona mishono ya cherehani, myembamba, iliyolingana, isiyowezekana kwa mkono wa mtu. Kila aliyepata kukamatwa na kitu kisicho cha zama zile alikuwa anacheka, anakwenda zake nyuma ya kamba kwa watazamaji, na sisi tunampa mgongo mpaka avuke. Ulikuwa mchezo tu kwa mtu aliyesahau saa mkononi. Siku ile haukuwa mchezo. Baba alisema mbele ya gati zima kwamba mwanawe amemdanganya, na kwamba aliyedanganya kwa sindano atadanganya kwa mengine. Ukasema, "Sawa, Baba." Hukujitetea hata kidogo. Nami nilikuwa miongoni mwa waliokupa mgongo. Mwezi uliofuata ukapanda ndege, na uliporudi kumzika Mama ulisimama mlangoni mwa kanisa na ukaondoka kabla ya chai.

Machi iliyopita kanisa liliomba vitu vya mnada, Baba akasema tutoe cherehani ya Mama. Tukakifungua kile chumba chake. Kila nilichokigusa kilikuwa na alama yake: mito, mapazia, hata mfuko wa vibanio vya nguo. Unakumbuka alivyokuwa hakati uzi kwa mkasi. Alikuwa anaukata kwa meno, anaufunga fundo mara mbili, na kuacha mkia mrefu unaoning'inia. Baba alimtania kwa hilo maisha yao yote. "Loveday, umeacha mkia tena!" Naye alimjibu kila mara kwamba anaacha pa kushika siku atakapotaka kumfumua mume wake.

Nyuma ya mlango, chini ya shuka, lilitundikwa koti lako. Sikujua kwamba Mama alilichukua. Baba alilitazama muda mrefu, kisha akaniomba lenzi. Nikadhani anataka kujihakikishia tena kwamba alikuwa na haki, na kusema kweli nilimkasirikia. Akaketi kwenye kiti cha Mama karibu na dirisha, akaligeuza ndani nje, akaanza kuufuata ule mshono wa ubavu kwa kidole kuanzia kwenye pindo kwenda juu. Alipofika kwapani kidole kikasimama. Pale, ndani kabisa ya bitana ambako hakuna mkaguzi anayefika, palikuwa na fundo mara mbili, na mkia.

Akageuza upande wa pili. Mkia mwingine.

Nadhani sasa najua ilivyokuwa, nawe utanisahihisha. Ulikuwa unashinda naye hospitali majira yale yote na kushona kando ya kitanda chake. Siku chache kabla ya sikukuu wakamruhusu arudi nyumbani, wewe ukasinzia kwa uchovu, na yeye, akiwa na nguvu zake chache, akakumalizia mbavu mbili kwa cherehani ili mtoto wake asichelewe. Ulipoamka akakuonyesha, akiwa amefurahi. Nawe hukuwa na moyo wa kufumua kazi yake. Ukalivaa koti kama lilivyo, ukaenda nalo kwenye kamba ukijua kitakachotokea, na kilipotokea ukakataa kumtaja, kwa sababu alikuwa anakufa na hukutaka jina lake lisemwe pale kwa ukali. Alikufa akidhani umehamia mbali kwa ajili ya kondoo.

Baba alilia, Jory. Sijapata kumwona akilia hivyo, hata siku ya maziko. Alikuwa anarudia kwamba alikagua kila mshono isipokuwa mwisho wake. Nikamwambia tukupigie. Akakataa. Nikamwambia basi nitafumua mbavu zile nizishone upya kwa mkono, koti lipate kupita. Akanitazama kama niliyetaka kumfukua Mama kaburini.

Sasa nikiri kilichotokea mwezi uliopita, siku ya sikukuu, maana sitaki ukisikie kwa Clemo.

Nilikuwa mbele ya daraja, lenzi mkononi, foleni inasogea. Baba hakuwa amejiandikisha, na afya yake haikumruhusu. Nikainua macho, nikamwona amesimama mwishoni mwa foleni amevaa koti lako. Linamzidi mabegani siku hizi. Watu wakaanza kushangilia, wakidhani mzee amerudi. Clemo akapiga kelele, "Mzee, leo umeiba la kijana!" Baba alisogea hatua kwa hatua kama wengine, mpaka zamu yake ikafika. Nikamnong'oneza apite tu, asinifanyie hivi. Akaligeuza pindo la ubavu mwenyewe, akalishika mbele ya macho yangu kwa ile mikono yake inayoruka, akaniambia, "Fanya kazi yako, binti yangu. Kwa sauti."

Nikafanya. Nilisema kwamba huu ni mshono wa cherehani na kwamba aende nyuma ya kamba. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyegeuka. Walikuwa wamesimama wakimkodolea macho, mpaka yeye mwenyewe akawaambia, "Geukeni. Mwanangu mlimpa mgongo." Wakageuka mmoja mmoja. Clemo alikuwa wa mwisho, kofia yake ya sufu ameikunja kifuani.

Alikaa nyuma ya kamba mchana kutwa, katikati ya wageni na aiskrimu zao, mvua ikimnyeshea. Nilimpelekea mkate wa zafarani, akaula wote. Mama mmoja aliyekuwa na watoto alimuuliza kama na yeye ni mmoja wa maharamia. Nilimsikia akijibu kwamba hapana, yeye ni mtazamaji tu, na koti ni la mwanawe, na mbavu zake zilishonwa na mkewe. Alilisema hilo kwa kila aliyeuliza na kwa wengi ambao hawakuuliza.

Tangu siku hiyo hatoki sana kitandani. Koti amenituma nikuletee. Ameniagiza nisilifue, nisilipige pasi, na nisiikate mikia. Amenikataza pia kukuomba urudi. Anasema mtu aliyekufukuza hana haki ya kukuita, na kwamba nikikuita kwa jina lake nitakuwa nimekulazimisha.

Kwa hiyo sikuiti kwa jina lake. Lakini mkaguzi sasa ni mimi, Jory, na kamba ni yangu. Chumba chako nimekifagia. Sikukuu ijayo ni mbali, na daktari wa Truro hazungumzi habari za sikukuu ijayo. Livae, uje. Nitakagua upande wa nje tu.

Msalimie mkeo, na umbusu binti shavuni kwa niaba ya shangazi yake. Bi Hosking anasema ukija, ndoo uiache huko huko.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Tamsin