Flashi Moja kwa Mashine Zote

Jumatatu, 8 Septemba

Kompyuta ya tano kutengeneza leo. Mtaa wa Ipuli, nyumbani kwa mwalimu wa sekondari. Mkobani nina flashi saba, zote nyeusi, kila moja na mfumo wake. Nimechomeka tatu ndipo moja ikakubali. Nilikuwa nimechoka. Nikabonyeza endelea, endelea, endelea. Nimempigia Windows mpya, diski ikafutika yote, na alama za wanafunzi wake za muhula mzima zimekwenda. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hazirudi, dada?" Nikasema hazirudi. Bora angenitukana.

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi kwa mwalimu kumwomba radhi. Karatasi za mitihani bado anazo. Tumekaa tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, yeye anasoma alama, mimi nachapa. Tumemaliza. Mgongo unauma.

Nimeamua. Flashi moja kubwa, mifumo yote ndani yake. Na lazima uwemo ule unaowasha mashine bila kugusa kilichomo, nitoe kwanza mali ya mtu.

Jumatano, 10 Septemba

Napakua mifumo. Bando limeisha faili likiwa nusu. Nimeanza upya. Umeme umekatika. Nimeanza upya. Sina hata nguvu ya kukasirika.

Mchana amepiga simu Mzee Salvatori, katekista wa Ulyankulu. Kompyuta ya parokia haiwaki. Ndani yake yamo majina ya waliobatizwa tangu wazee wao walipofika kutoka Burundi. Ameyachapa miaka miwili, kwa vidole viwili. Nikauliza, vitabu vyenyewe?

"Mchwa, binti yangu. Yamebaki majalada."

Nimemwambia asiruhusu mtu kuigusa.

Alhamisi, 11 Septemba

Flashi imekamilika. Programu ya kuiandaa ilifuta kwanza kila kilichokuwamo, kisha nikapakia mifumo minne. Nikiwasha, inaleta orodha, nachagua ninaoutaka. Kwenye laptopu yangu imewaka. Nilidhani ningefurahi. Nimelala saa mbili nzima mchana kweupe.

Ijumaa, 12 Septemba

Basi la alfajiri. Vumbi mpaka kwenye meno.

Mzee Salvatori ni mwembamba kuliko sauti yake. Ameitikia shikamoo yangu na kunipeleka ofisini moja kwa moja. Mashine kuukuu. Haikuiona flashi. Nimejaribu kila tundu. Nikazima, nikawasha. Hola.

Paroko kaingia. Kijana, mpole, ana mambo mengi. "Piga mpya tu, fundi. Jumapili nataka kuchapa matangazo."

Mzee alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Nikasema, "Baba, nipe mpaka kesho."

Amekubali shingo upande. Nalala kwa masista. Naogopa. Nimewaza kumwambia mzee kwamba imeshindikana, nikapumzike.

Jumamosi, 13 Septemba

Imenijia nikinywa uji. Flashi niliiandaa kwa mashine mpya. Hii kuukuu inataka flashi iliyoandaliwa kwa mtindo wa zamani. Kwa hiyo kuifuta yote na kuanza tena. Bahati mafaili yamo kwenye laptopu. Kwa saa moja na nusu nimeangalia mstari wa kijani ukijaa.

Nikachomeka. Orodha ikaja. Nikachagua mfumo wa kuokolea. Diski ya mashine imechoka kuliko mimi. Majina yametoka folda moja moja, polepole. Folda ya mwaka jana imekataa. Nimejaribu mpaka mashine ikaganda.

Nikamwambia ukweli. "Majina ya mwaka jana sikuyaweza, mzee."

Akafikiri. "Hao wazazi wao wapo, nitawauliza. Hawa wa zamani ningemuuliza nani?"

Nimetoka nje kidogo. Nimelia, sijui kwa nini sasa. Kisha nikarudi, nikafunga diski mpya niliyokuja nayo, nikapiga Windows, nikarudisha majina. Nakala nyingine nimeiacha kwenye flashi ya mzee mwenyewe. Paroko amechapa matangazo yake.

Jumapili, 14 Septemba

Nimekaa barazani kwa masista, nasubiri basi. Misa imeisha. Namwona Mzee Salvatori mlangoni mwa kanisa, daftari mkononi. Anawasimamisha akina mama wenye watoto mgongoni, mmoja mmoja. Anauliza, anaandika, anasoma tena alichoandika ili mama ahakikishe.

Basi limechelewa. Sina haraka.