Walichopima Si Kijiji, ni Fuko Langu

Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna, na mimi nimechemka kuliko jua.

Naandika kwa kidole kimoja, na asiyependa herufi zangu akasome kwingine. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini hapa Mwabungo hakuna baraza linaloketi bila mimi.

Leo posa ya Saumu, binti wa jirani yangu, imerudishwa. Wakwe wa Msambweni wamesoma kwenye simu andiko la watafiti wa damu, eti watu wengi wa kijiji chetu wamebeba selimundu. Hawataki wajukuu wagonjwa, wamesema. Na Saumu hajapimwa hata siku moja!

Mama yake akanijia uani bila shikamoo. "Wewe ndiye uliyewaleta hao watu wa sindano, Mzee Hamisi. Haya, mtafutie mwanangu mume!"

Nikamwita Mwanakombo, mjukuu wa dada yangu, anayesomea uuguzi, anisomee andiko lote. Mashine ya damu imesifiwa kurasa mbili. Chupa zimetajwa, barafu imetajwa. Na watu waliotolewa damu? Mstari mmoja: wanakijiji wasio na undugu, waliochaguliwa kwa kura.

Kura gani?

Wasomi wazima! Hata muuza nazi huulizwa zimetoka shamba gani.

Sasa niseme kweli. Kura niliivunja mimi. Walileta majina ya kijiji kizima kwenye kikapu, yachotwe mbele ya watu. Nikaona ni dharau. Mtu kama mimi, nikitaka watu, nisaidiwe na kikapu? Kulipokucha nikawapangia foleni ndefu, wote watu wa fuko langu, uzao wa bibi mmoja, nami mbele yao kama jemadari. Binti mmoja wa watafiti, aliyeshika daftari, akatazama majina ya baba, akaona kila mtu na lake, akaandika si ndugu. Mama zao hakuwauliza. Na fuko la Mdigo hufuata mama!

Nilimwona akiandika. Nikaendelea kunywa chai yao.

Basi wakapima ukoo mmoja, wakaandika kijiji. Hasira yangu kwao haipoi. Wangeeleza tu watu walipatikanaje, nani aliwaleta, undugu waliuuliza vipi, huyo mkwe angejua anasoma habari za nani. Lakini hasira nyingine imenigeukia mwenyewe, na hiyo sina wa kumtupia.

Nikitaka Saumu aolewe, sharti niseme damu ile ni yetu, si ya kwao. Na Mwanakombo ni wa fuko hilihili, naye hajaolewa.

Nilimwambia. Akacheka. "Sema, Babu. Atakayenikimbia kwa damu, heri akimbie mapema. Na huyo mchumba wa Saumu mwambie akapimwe naye. Mtoto haugui selimundu kwa mzazi mmoja."

Barua ya kwenda kwa watafiti ataiandika yeye, nami nitatia sahihi: waurekebishe ule mstari, na jina langu waliweke, kuwa foleni niliipanga mimi.

Msambweni nitakwenda mwenyewe kesho, nikishaswali alfajiri. Kanzu imekwisha kupigwa pasi. Ila umri huu wote sijapata kubisha mlango wa mtu kwenda kusema nimekosa.

Sijui hata maneno yake huanzia wapi.