Waliogonga Mlango wa Chombo

Jumapili, tarehe tisa Novemba,
mwaka wa thelathini na sita tangu nipande lile lori

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za binti yangu, ambaye ameniagiza niandike shikamoo yake kwa herufi kubwa kwa sababu anadai huwa naisahau. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yote miwili, na lile goti limepunguza ugomvi. Mimi ni mzima kwa kadiri ya umri. Daktari wa macho anasema jicho la kushoto halina safari ndefu, lakini la kulia bado linasoma gazeti lote, mpaka matangazo ya vifo. Kwa hiyo usishtuke ukiona mistari yangu inapanda kilima.

Habari zako zote nimezipata. Nimefurahi kusikia kwamba mpwa wangu ameiezeka upya nyumba ya mama, na kwamba chumba changu kimepakwa chokaa na kutiwa dirisha la vioo. Umeniomba nikujibu kabla ya mvua kama ninakuja kumalizia uzee hapo au siji. Nitakujibu humu humu. Ila univumilie nianzie mbali kidogo, kwenye sinema. Najua utacheka na kusema Kichwa hajakua.

Unaikumbuka ile picha ya chombo cha anga tuliyokuwa tukiitazama kwenye ghala, mashuka manne yameshonwa pamoja ukutani na Mkalimani ameketi juu ya pipa kando ya mashine, akitufasiria. Lugha ya wale watu hakuna aliyeijua isipokuwa yeye, na hata yeye tulimshuku. Mimi aliniita Kichwa kwa kuwa nilikaa mbele nikaziba nusu ya sayari. Alikuwa radhi kukatiza vita vya angani ili aniambie nishushe hilo debe, watu wamelipa. Wewe alikuita Bila Tiketi, na sababu unaijua mwenyewe.

Kilichotushika pale, mimi na wewe, ni mwanzo wake. Nahodha, yule mama mwenye kovu shavuni, anafunga mlango wa chombo. Nje kuna watu. Hatuwaoni hata mara moja, tunasikia ngumi zao tu kwenye chuma, mpaka injini zinawaka na ngumi zinamezwa. Picha nzima inakwisha hajasema walikuwa akina nani, wala kwa nini aliwaacha. Ni Mkalimani, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, aliyemtilia maneno kinywani: aliyebaki ndiye mwenye nyumba. Miaka mingi baadaye niliiona picha hiyo hiyo huku ugenini, bila mkalimani, nikakuta nahodha pale amefumba mdomo, hasemi kitu. Nikamsemea mimi, kwa sauti ndogo. Aliyekaa karibu nami akahama kiti.

Sasa wametengeneza picha nyingine, inayosimulia yaliyotokea kabla ya ile. Matangazo yake yamebandikwa kwenye kila kituo cha basi, na mimi nimeingoja tangu mwaka jana kama mtoto anayengoja viatu. Binti yangu, ambaye ni dereva wa basi, alibadilishana zamu na mwenzake ili anipeleke. Tulikwenda alasiri. Ukumbi haukujaa, na waliokuwemo wengi walikuwa rika langu, mvi mstari kwa mstari kama shamba la pamba.

Sitakuficha, muziki wa mwanzo ulipopigwa nililia. Halafu wakakionyesha chombo kikiwa kipya, kabla ya kutu, taa zote zinawaka, na yule mpishi wa picha ya kwanza akiwa bado na vidole vyake vyote. Kwa kitambo nilikuwa na miaka kumi na tisa. Ungekuwepo ungenifinya.

Baadaye mambo yakaharibika. Nahodha amechezwa na msichana mwenye meno meupe kama vigae vya bafu, asiyefunga mdomo hata chombo kinapoungua. Kila tulichokuwa tukijiuliza usiku kucha tukirudi nyumbani, kimeelezwa. Lile kovu, unakumbuka wewe ulisema ni la vita na mimi nikasema ni la mapenzi? Aliteleza ngazini akibeba sanduku. Mpishi hali na wenzake kwa sababu ya tumbo. Ni kama mtu aliyechekesha watu, kisha akarudi kuwafafanulia walichochekea.

Haya yote ningeyasamehe. Lakini mwishoni tunaufikia mlango. Nilishika kiti. Nahodha anageuka nyuma, anatazama uwanja, na uwanja ni mtupu. Ugonjwa ulikwisha kuwamaliza watu wote wa pale siku nyingi, wamelala kwa amani, wamefunikwa. Anafunga mlango, ngumi zinaanza, na kamera inatoka nje kutuonyesha. Ni bomba. Bomba la chuma limelegea ubavuni mwa chombo, linagongwa na upepo.

Tulipotoka tulibishana mpaka kituoni. Binti yangu ilimpendeza. Alisema angalau sasa yule mama atapata usingizi. Nikamwambia hakuumbwa apate usingizi. Akanijibu kwamba wale ni watu wa kubuni, baba, hata kitanda hawana, na dereva mwenzake aliyekuwa akipita akatupigia honi, akachungulia dirishani kumuuliza kama mzee anagombea urithi. Tulicheka. Kisha akanitazama, akasema nimekasirika kama mtu aliyekuwa nje ya ule mlango. Nilimwambia hapana, mimi nilikuwa ndani.  Hilo ambalo sikumwambia yeye ndilo ninalokuandikia wewe.

Siku ile ya kukimbia mama alikataa kupanda lori. Alisema atakungoja wewe utoke kwenye chuo chako cha uuguzi, kisha mtafuata pamoja. Mlango wa nyuma wa lori ulipofungwa alikuwa amesimama karibu sana, kiganja chake juu ya ubao. Nilimwahidi nikipata pa kulala nitarudi kumchukua. Na nilikuwa najiandaa kurudi, kambini, wakati dereva mmoja aliponiletea ujumbe wako: mama amefariki usingizini, siku mbili baada ya mimi kuondoka, hakuteseka, hakuniita, nisije. Basi sikwenda. Barua zako zote tangu wakati huo zimesimulia vivyo hivyo, na hii ya mwisho pia, pale uliposema alikwenda kwa utulivu bila kuniita.

Mdogo wangu, Mkalimani alifika huku mwaka wa saba wa ukimbizi wangu. Hili sikuwahi kukuambia. Tulifanya kazi pamoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mimi na yeye, hadi alipofariki. Kukunja mashuka ni kazi ya watu wawili, kila mmoja na ncha zake mbili, mnasogeleana na kuachana kama wacheza dansi. Siku moja tulipolitandaza shuka katikati yetu, likamficha uso, akanisimulia.

Alisema mama aliishi mpaka mvua za pili. Alisema ule ujumbe haukuwa wako, ulikuwa wa mama. Askari walikuwa wakinitafuta nyumba kwa nyumba, na mama alikuambia: mwambie nimekufa, akijua nipo atakuja, na akija watamuua. Wewe ulikataa, ukalia siku nzima, kisha ukaupeleka. Lakini alisema pia kwamba kila jioni mama aliliondoa komeo la mlango, akaliegemeza nyuma ya pipa la maji, na kulala mlango umerudishwa tu. Majirani walimgombeza, wakati wenyewe ni ule wa askari. Aliwajibu kwamba Kichwa ni mbishi, huenda asiamini.

Mkalimani hakuongeza neno. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisimulia jambo jinsi lilivyo. Kisha tukalikunja lile shuka, tukashika jingine.

Miaka yote hii nimejua. Nimezisoma barua zako nikakuacha unisimulie habari za bomba na upepo, kwa sababu niliona mwandiko wako unavyoyumba unapofika pale, na kwa sababu, nikisema kweli, baadhi ya siku nilitaka liwe bomba. Hata juzi, kwenye kile kiti, kabla sijakasirika nilipumua. Nafsi yangu ilishukuru kuona uwanja mtupu. Nadhani hasira ilitokana na hiyo shukrani.

Sikulaumu. Mzigo huo ulitwishwa na mama, na umeubeba mpaka mgongo umepinda, sasa utue. Usiniandikie tena kwamba hakuniita. Aliniita kila jioni, kwa namna yake, na mimi, mtu ambaye nilibishana na walimu, na madaktari, na wewe juu ya kovu la shavuni, siku ile moja ya kubisha niliamini.

Sasa jibu lako. Nimelifikiria chumba kwa chumba. Najua dirisha linatazama wapi, najua jua litaingia saa ngapi. Ningekuja, ungenipokea vizuri, na mpwa wangu angenibebea sanduku. Kisha jioni ingefika. Mji siku hizi una wezi, umeniandikia mwenyewe, na wewe ni mtu mwenye akili, ungeinuka na goti lako hilo ukafunge mlango. Nami kitandani ningelisikia komeo likiingia mahali pake. Hilo siliwezi. Nimeweza mengi, hilo siliwezi.

Chumba mpe mpwa wangu, asikiache kitupu kwa ajili yangu. Nisalimie majirani waliobaki, hasa wale waliomgombeza mama, walikuwa wanamjali. Goti lipake dawa, usilidharau. Binti yangu anasema shangazi asikate tamaa, atakuja yeye kukutazama, akipata likizo. Mpokee kama ungenipokea mimi, na akikuuliza juu ya bibi yake mwambie yote, hata la komeo.

Aliyebaki ndiye mwenye nyumba. Nyumba ni yako, Bila Tiketi. Mimi sitarudi.

Ni mimi kaka yako,
Kichwa